Nililikwaruza Gari la Mume Wangu, Mama Mkwe Akasema Ni Yeye

Asalaam aleikum admin, na nyote mnaosoma. Naomba jina langu lisitokee kabisa, maana mawifi zangu wote wamo humu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, tunakaa Utange, nina watoto wawili. Mume wangu ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Si mtu mbaya. Anasali, anatulisha, hajawahi kuninyooshea mkono. Ila ana hasira za ghafla, na kwa hasira hizo ameshaniacha mara mbili. Mara zote mbili alinirejea kabla eda haijaisha, akilia kama mtoto. Walio Waislamu wanaelewa: imebaki talaka moja, na hiyo ikitoka hakuna tena kurejeana.

Mama mkwe alihamia kwetu baba mkwe alipofariki. Wengine mnalia na mama wakwe, mimi wangu alinipenda kuliko hata mamangu mzazi. Bega lake la kulia ni bovu, mkono hauinuki, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka nywele na kumfunga mtandio. Kila asubuhi tukikaa barazani tunachambua mchicha na kucheka.

Mwaka jana mume wangu alinunua gari, jeusi, linang'aa mpaka unajiona uso. Alilisubiri miaka mingi. Akasema halioshi mtu yeyote ila yeye. Jumamosi moja lilikuwa limbebe bibi harusi, binti wa mkubwa wake kazini, na Ijumaa alikuwa amerudi nalo kutoka shamba limejaa tope. Asubuhi akatoka kwenda kinyozi. Mimi nikaona nimfurahishe. Nikachukua ndoo, sabuni ya vyombo na sponji ya jikoni. Tope lilipokataa kutoka, nikageuza upande ule wa kijani wa kusugulia masufuria. Nikasugua boneti, milango, nikapanda kwenye kizingiti cha mlango nikasugua na paa.

Likiwa bado na maji lilipendeza wallahi. Lilipokauka juani, ndipo nikaona. Mikwaruzo duara duara kila mahali, kama utando wa buibui. Nikapangusa kwa kanga, ndiyo ikazidi kuonekana.

Mume wangu akaingia. Alilizunguka gari mara moja tu, akauliza, "Nani amelishika gari langu?"

Mimi nimesimama mlangoni, mikono ingali na maji. Akanitazama.

"Ni wewe? Wallahi kama ni wewe, basi umeachika, na hii ni ya tatu!"

Kabla sijafungua mdomo nikasikia nyuma yangu, "Ni mimi."

Mama mkwe ametoka chumbani, ameshika ukuta. "Ni mimi, mwanangu. Nililiona lina tope, nikataka kukusaidia."

Maneno aliyomwambia mamake siku ile siwezi kuyaandika yote. Alimwambia tangu aingie nyumba ile kazi yake ni kuharibu tu. Alimwambia mama wa wenzake wanakaa kwao wakatulia. Mzee wa watu ameinamisha kichwa. Na mimi, jamani, nilinyamaza. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikanyamaza.

Mume alipoondoka na gari hivyo hivyo kuwahi harusi, nikamfuata mama chumbani, nikamkuta anakunja nguo zake kwa mkono mmoja.

"Njoo hapa," akaniambia. "Nilikuona dirishani tangu unajaza ndoo. Nyamaa, usilie. Una watoto wadogo wewe. Mimi ni mamake, hana talaka ya kunipa mimi."

Akaniapisha nisiseme. Alasiri hiyo akaenda zake Likoni kwa binti yake, na mpaka leo, mwezi wa nne, mume wangu hajatia mguu huko.

Linaloniumiza zaidi, wiki iliyofuata tulipeleka gari kwa fundi wa polishi Magongo. Fundi alipitisha ukucha juu ya mikwaruzo, akacheka. "Boss, hii ni ya juu juu tu, ukucha haukwami. Black ndiyo huonyesha kila kitu." Akaliosha, akapaka dawa, akapitisha mashine yake taratibu, sehemu moja baada ya nyingine. Kabla ya adhuhuri hakukuwa na alama hata moja. Asubuhi moja tu! Mume wangu akatabasamu, mimi nikajifanya nina mafua.

Lakini fundi yule alisema jambo jingine. "Huyu aliyeosha alisugua na nguvu, hata huku juu kwa paa." Mume wangu akatoa pesa, akamlipa. Nikadhani limepita. Jumapili hii iliyopita, tunakunywa chai, akaniuliza, "Hivi mama na bega lile, alifikaje kwenye paa?"

Nikasema, "Labda alipanda kigoda."

Yaani nikamwongezea mama wa watu uongo wa pili. Nikampigia mama simu kwa siri, nikamweleza huku ninalia. Akasema, "Basi nikiulizwa ntasema nilipanda kigoda. Nawe sema vivyo hivyo."

Sasa mume wangu ameamua. Ijumaa hii, baada ya swala, twende wote Likoni. Anasema anataka kumwomba mamake radhi na kumrudisha nyumbani, lakini kwanza amuulize mbele yangu ilikuwaje.

Nikisema kweli, nimeivunja nyumba ya wanangu. Nikinyamaza, mwanamke aliyenifanyia wema asionifanyia mtu mwingine ataapa uongo na umri wake ule. Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Mume wangu alitamka, kama ni wewe umeachika. Na ni mimi. Kila anaponishika mkono mwili wote unaniganda. Siwezi kumwuliza ustadhi wa hapa kwetu, ni rafiki yake wa karibu.

Ndugu zangu, Ijumaa ni keshokutwa. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nisaidieni: niseme, au nimwache mama aseme? Na mnaoijua dini niambieni, tangu Jumamosi ile, mimi bado ni mke wa mtu?