Nywele Fupi za Leokadia

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kichwa cha mtu. Nilipewa ndoo mbili na kuonyeshwa bomba lilipo, mtaa wa pili, kwa sababu saluni ile, jirani na soko la Sumbawanga, ilikuwa na kila kitu cha kisasa isipokuwa maji. Mwenye saluni alitaka aitwe Mkurugenzi, nasi tukamwita hivyo. Mimi hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliposikia nimemaliza kidato cha nne alinitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Haya wewe Sekondari, maji ya kuoshea nywele hayaulizi cheti. Kachote."

Nikabaki Sekondari mpaka leo. Kuna watu Sumbawanga wanadhani nilibatizwa hivyo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Muda mfupi kabla yake tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni. Mara maduka yakajaa vitu vilivyopandishwa kutoka mpakani Tunduma: mafuta ya nywele ya kila rangi, rasta za mafungu, na zaidi ya vyote, dawa. Ninyi mnaofungua saluni siku hizi mmeikuta dawa ipo, hamuiogopi. Sisi tuliiogopa. Ni uji mweupe mzito, unaupaka kwenye nywele za kipilipili zinalala chini kama zimepigwa pasi. Ukichelewa kuuosha, unalala chini wewe. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja halikuwa "Habari za nyumbani," lilikuwa "Umejikuna?" Kichwa kilichokunwa kina michubuko, na dawa ikiingia kwenye mchubuko mteja anaruka kutoka kwenye kiti akiwa na taulo shingoni, anatafuta bomba. Nimeshaeleza bomba lilikuwa wapi.

Halafu kulikuwa na kalikiti. Hiyo unazungusha nywele kwenye vijiti vidogo, unatia dawa yake, zinatoka na mawimbi yanayong'aa mafuta. Mwenye kalikiti ulimjua kwa kola ya gauni. Mto wa kitandani kwake ungeweza kukaangia samaki.

Na vichwa vya huku kwetu nyanda za juu, jamani! Nywele za wanawake wengi niliowashika zilikuwa nyingi na nzito, zimesimama kama shamba la ulezi lililokubali mbolea. Wiki ya kwanza niliyoruhusiwa kuchana nilivunja meno ya vitana vitatu. Mkurugenzi akanisogelea. "Sekondari, unachana au unapalilia?" Akanipokonya kitana, akanifundisha kitu ambacho nimekifundisha kwa wengine maisha yangu yote: nywele nzito hazianzwi kwenye shina. Unazigawa mafungu manne, unazilowesha kidogo, unatia mafuta, unaanza kuchana nchani ukipanda taratibu. Ukianza chini kwenye ngozi unayakusanya mafundo yote mahali pamoja, halafu unamlaumu mteja kwamba ana kichwa kigumu.

Nilipokuwa nimeiva, Mkurugenzi alifungua tawi Namanyere akataka niende nikalisimamie. Cheo kamili: Meneja. Sasa mimi ni mtu wa nyumbani. Nilizaliwa Pito, hapa kando ya mji, nikaolewa Pito, na nikisikia konda anaita abiria tumbo langu linaanza kunisokota. Nikamwambia Mkurugenzi naumwa tumbo. Akaniuliza litapona lini. Nikamwambia hili ni la ukoo. Akampeleka mwingine, nami nikabaki kwenye kiti changu cha dirishani, na nywele zangu zilizotiwa dawa zikianguka mpaka mabegani. Kichwa changu ndicho kilichokuwa bango la saluni ile. Mteja akisita, Mkurugenzi alininyooshea kidole: "Si unaona za Sekondari?"

Leokadia alikuja asubuhi moja ya kipupwe. Nilimfahamu, kwa sababu miezi kadhaa nyuma nilimtia dawa mwenyewe, kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wake. Kwao ni kijiji kimoja mbele ya Namanyere. Mumewe, Gaudensi, alikuwa amepasuliwa tumbo hospitalini mjini, na mwezi mzima Leokadia alikuwa akimuuguza, analala sakafuni chini ya kitanda cha mgonjwa. Alipovua kilemba niliweka kitana chini. Nywele mpya zilikuwa zimeota nene na ngumu chini, zile za dawa zimebaki juu nyembamba, na pale zilipokutana zilikuwa zinakatika zenyewe. Upande wa kulia palikuwa na upara wa ukubwa wa sahani ya chai.

"Dada, nitafutie kitu rahisi," akasema. "Nikiamka alfajiri nijimwagie maji kichwani, niondoke. Sina mkono wa kushika kitana. Mikono yote iko kwa mgonjwa."

Mkurugenzi akasema tumtie dawa kwenye zile zilizoota. Kwa kawaida nilikuwa sibishani na vyeo, lakini siku ile nikamwambia kichwa hiki kikipata dawa tena kitabaki na masikio tu. Kumsuka twende kilioni, ile mistari mipana ya kurudi nyuma inayosukwa haraka mtu akipata habari ya msiba, nayo haikuwezekana. Nywele zenyewe zingebaki mkononi mwangu. Dawa pekee ilikuwa mkasi.

Niliziosha, nikazikausha kwa taulo, nikazichana zikasimama wima. Nywele nzito ukizikata zikiwa zimelowa zinakudanganya, zikikauka zinapanda juu unakuta umekata kupita ulivyotaka. Nikaondoa zote za dawa, nikabakiza urefu wa pingili moja ya kidole utosini, pembeni nikashusha zaidi, shingoni nikazichonga kufuata umbo la kichwa. Na alikuwa na kichwa kizuri! Alipojitazama kwenye kioo alicheka, nadhani kwa mara ya kwanza mwezi ule. Nikamfungia nywele zilizoanguka kwenye karatasi, maana mteja wa kwetu haachi nywele zake kwa watu. Ndipo nikatamka neno lililonigharimu.

"Usizifunike," nikamwambia kwa majivuno. "Ziachie upepo. Watu waone kazi."

Kesho yake akapanda basi kwenda kijijini kufuata unga na blanketi. Kilemba akakitia kwenye mkoba.

Ninyi vijana lazima niwaeleze, kwa sababu leo mwanamke akipita kichwa kifupi mnamwuliza amenyoa wapi. Miaka ile, kijijini kwao, mke wa mtu hakunyolewa ila kwa matanga, na matanga yananyolewa baada ya kuzika. Leokadia, mume mahututi mjini, anashuka kwenye basi kichwa wazi, nywele hakuna. Mwanamke wa kwanza aliyemwona alitupa mzigo wa kuni akapiga ukunga. Leokadia alipofika nyumbani kwake kilio kilikuwa kimemtangulia. Mama mkwe wake alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, na alimuuliza swali moja tu:

"Mmemzika wapi mwanangu?"

Alieleza mpaka sauti ikakauka. Hawakumwamini mpaka baba mdogo wa Gaudensi aliposafiri mjini akamkuta mgonjwa ameketi anakunywa uji na kulalamika hauna sukari. Ungedhani habari hiyo ingemaliza mambo. Ikayazidisha. Kama mume yu hai, basi mke amemnyolea akiwa hai. Amemtangulizia msiba. Ana haraka ya nini? Wakamwambia watoto wabaki kwa bibi yao, na yeye asikanyage uani mpaka wazee wakae.

Haya yote Leokadia alinieleza ameketi kwenye benchi la saluni, mkoba mapajani, bila chozi. "Dada, mkasi ulikuwa wako. Twende ukawaambie. La sivyo mume akipona atarudi kwenye nyumba ambayo mimi simo."

Tumbo likaanza. Nikamgeukia Mkurugenzi nikiomba kimoyomoyo anikataze, aseme kuna wateja. Akavua miwani. "Nilikupa Namanyere na cheo ukasema tumbo. Sasa utakwenda bila cheo. Chukua na mkasi wako, usije ukaniachia kesi hapa."

Basi nikasafiri, mimi huyu. Kutoka Sumbawanga mpaka Namanyere nilishikilia kiti cha mbele kama usukani, nikamwuliza Leokadia kila kilima kama tumefika. Kutoka Namanyere tulitembea. Tulimkuta Mama Mkwe uani, ulezi umeanikwa kwenye mkeka, yule baba mdogo kando yake na majirani kadhaa waliokuwa na kazi nyingine lakini hawakuzikumbuka siku ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemnyoa?"

"Nilimkata, mama. Sikumnyoa." Nikaanza kueleza. Nilieleza dawa, nikaeleza nywele zilizoota na nywele za zamani, zinavyokatikia pale zinapokutana. Nadhani nilitumia hata neno kemikali. Kidato cha nne kilinipanda kichwani. Walinisikiliza kama watu wanaosikiliza mvua.

"Ni nywele tu, mama," nikamalizia. "Zitaota."

Mama Mkwe akainuka, akanizunguka polepole, akinitazama mabegani. "Unasema ni mtindo?"

"Ni mtindo, mama. Rahisi, mzuri kwa nywele nzito."

"Na zako hizi mbona umeziacha? Mtindo mzuri unawapelekea wenzako wenye wagonjwa?"

Majirani wakaguna. Niligusa zile nywele zilizonichukua miaka mitatu, na kwa mara ya kwanza siku ile tumbo likatulia. Nikaketi kwenye kigoda, nikamkabidhi Leokadia mkasi.

"Kata."

"Dada, mimi sijui kukata."

"Na mimi sijui kusafiri, na nimefika. Kata."

Akakata. Fungu la kwanza lilipoanguka kwenye vumbi, Mama Mkwe aliuliza kwa haraka, "Mume unaye?"

"Ninaye, mama. Yuko Pito, mzima. Saa hizi anagombana na sufuria."

"Akikuona hivyo?"

"Atagombana na mimi. Ndiyo dalili kwamba yu hai."

Kuna mtu alicheka nyuma yangu. Nilisikia ni yule baba mdogo. Leokadia aliendelea, akaninyang'anya fungu baada ya fungu bango lote la Mkurugenzi. Alikata vibaya, sitamsingizia. Upande mmoja ngozi, upande mwingine kichaka. Mama Mkwe alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha. "Weee, unamharibu mtoto wa watu! Lete hapa." Akauchukua mkasi, akanishika kidevu, akasawazisha mwenyewe, huku akinung'unika kwamba mafundi wa mjini hata vichwa vyao hawaviwezi.

Alipomaliza akanirudishia mkasi. Kisha akamwambia Leokadia, bila kumtazama, "Watoto wako ndani, wanakula. Ila ukitoka nje ya ua huu, ufunge kilemba, mpaka mwanangu aingie hapa kwa miguu yake. Mimi sitaki kulia mara mbili."

Ombi lile lilikuwa la haki, na ningepaswa kumwambia mimi mwenyewe kabla hajapanda basi. Tangu siku ile kila niliyemkata fupi nilimuuliza kwanza anakwenda wapi na nani atamwona. Mkasi unajua urefu. Haujui nyumbani kwa mtu.

Gaudensi aliingia uani kwa miguu yake baada ya wiki kadhaa. Niliambiwa mkewe alipovua kilemba alimkazia macho, akasema, "Kumbe una masikio." Mambo yakaisha hapo.

Mimi niliporudi, Mkurugenzi aliniangalia kichwani. "Bango langu liko wapi?" Nikamwambia limebaki Namanyere, linasimamia tawi. Alininunia siku mbili. Ya tatu wakaja manesi wawili wa zamu, wanataka "kama za Sekondari". Wakafuata wauza dagaa waliopanda kutoka Wampembe, kule ziwani, wenye nywele nzito na muda mdogo. Mkurugenzi akaandika ule mkato kwenye orodha ya ukutani na kuwaambia watu ameubuni yeye.

Baadaye nilihamia kwenye baraza ya nyumba yangu Pito, hatua kumi na mbili kutoka kitandani, kituo cha kazi nilichokuwa nikikiomba tangu mwanzo. Nilikata na kusuka pale mpaka vidole vikaanza kukataa baridi ya asubuhi. Nywele zangu sikuziacha tena kurefuka. Namwagia maji, nafuta, basi. Baba watoto alizoea, ingawa aligombana kama nilivyoahidi.

Mteja wangu wa mwisho alikuja mwaka jana, kwa basi la kutoka Namanyere, amefunga kanga kichwani. Uso ulikuwa umezeeka lakini nilimtambua kabla hajaketi. Gaudensi alikuwa amezikwa siku chache nyuma. Aliishi miaka mingi baada ya tumbo lile, akaona wajukuu.

"Kunyoa si kazi ya watu wa ukoo?" nikamuuliza.

"Ni kazi yao. Mama Mkwe ndiye amenituma. Haoni tena, lakini bado anaamuru. Kasema, 'Safari hii ni kweli. Nenda kwa yule aliyekukata mara ya kwanza.'"

Nikamwekea kiti kwenye jua. Nywele zake, za mvi sasa, zilikuwa nzito vilevile. Nikazigawa mafungu manne kwa mazoea, kisha nikamuuliza kama nilivyowauliza wote. "Nikate kiasi gani?"

"Zote, Dada."

Nilikata polepole, halafu nikanyoa kwa wembe, kwa maji ya moto. Nilipomaliza alijipapasa kutoka paji la uso mpaka kisogoni, akaniona ninavyohangaika na taulo.

"Usilie," akasema. "Si ulituambia ni nywele tu? Zitaota."

Nikazikusanya, nikazifunga kwenye karatasi, nikampa. Yeye akafunga kanga yake, nikamsindikiza mpaka stendi, mimi mwenyewe, na tumbo halikuuma. Niliporudi niliupaka mkasi mafuta, nikaufunga kwenye kitambaa, nikaufungia kabatini. Sijautoa tena.