Mama Wangapi Kizuizini

Mama mkwe wangu ni mpishi wa shughuli. Ukiwa na harusi, msiba, mahafali ya mwanao au kikao cha ukoo kisichokwisha, unamwita yeye, naye anakuja na sufuria zake, miiko yake mirefu na swali lake. Salamu baadaye. Anasimama mlangoni, anatupa jicho ukumbini, anauliza: "Mko wangapi?" Watu wamempachika jina la Mama Wangapi, na wala halimkeri. Siku nilipopelekwa kwao kujitambulisha, mimi kinyozi niliyejikata kidevu asubuhi ile kwa woga, hakuniuliza kazi yangu wala mipango yangu kwa binti yake. Aliniuliza nyumbani kwetu tuko wangapi, na kati yetu mlafi ni nani.

Nasema mapema msomaji asijitese: yuko hai, mzima wa afya, na ninapoandika haya ananipigia kelele kutoka jikoni kwamba nimekalia kiti na mtungi wa gesi umekwisha. Nampenda sana mama huyu. Pia ananichosha. Yote mawili ni kweli, na asiyeamini aje akae naye wiki moja tu.

Vita vilipotukaribia, mke wangu alikuwa ng'ambo ya mto. Tulikuwa tumempeleka hospitali ya kule kwa sababu ile ya kwetu ilikwisha kukimbiwa na madaktari. Muuguzi mmoja alitupigia simu akasema amejifungua salama, kisha mtandao ukakatika. Jioni hiyohiyo tukasikia tangazo redioni: kesho yake jua likizama, jeshi lingefunga daraja kwa raia, na halikusema lingefunguliwa lini. Aliye ng'ambo angebaki ng'ambo. Nilitaka kwenda peke yangu, nikamwambia mama abaki atuandalie chumba. Akaniangalia kuanzia viatuni hadi utosini.

"Wewe unajua nini kuhusu mzazi?" akauliza. "Utamfanyia nini, utamnyoa?"

Tukaondoka wote wawili na basi la asubuhi.

Kabla ya daraja kulikuwa na kituo cha mafuta ambacho jeshi lilikuwa limekifanya kizuizi. Pampu zilikuwa tupu, mipira yake imezungushiwa shingoni, na kwenye ubao wa bei tarakimu zilikuwa zimedondoka zikabaki sifuri. Chini ya paa la pampu askari walikuwa wamekaa wanatafuna biskuti kavu. Nyuma, mahali pa kuoshea magari, sufuria mbili kubwa zilikuwa motoni na maharage yamefurika hadi yanazima kuni. Tuliteremshwa tukapanga mstari. Nilimwona mama anazitazama zile sufuria, midomo inachezacheza, nikajua tumekwisha.

"Mama, nakuomba," nikamnong'oneza.

Hakunisikia, au alinisikia akanipuuza, jambo analoliweza vizuri zaidi. Sajenti alipofika kwetu kukagua vitambulisho, mama akamwekea mkono begani.

"Mwanangu, mko wangapi hapa?"

"Unasemaje?"

"Nauliza mko wangapi. Na mnakula saa ngapi? Mnapikia hapahapa tu, au kuna gari la chakula? Linatokea upande gani hata biskuti zifike zimekauka hivi?"

Kwa pumzi moja mama mkwe wangu alikuwa ameuliza kila kitu ambacho adui angetaka kukijua. Aliuliza kwa huruma, kwa sauti ya mzazi, na abiria wote waliokuwa mstarini walisogea pembeni, wakatuacha wawili katikati. Sajenti akapuliza filimbi. Basi likaondoka bila sisi, na mkoba wa mama ukamwagwa sakafuni: vinguo vya mtoto, chupa ya uji na kijiko cha mti.

Walitufungia stoo. Ilikuwa na makopo matupu ya oili, matairi yaliyopangwa hadi darini, na kidirisha ambacho ngumi yangu isingepita. Humo tulimkuta mchuuzi wa miwani, bwana mpole mwenye sanduku la mbao. Kosa lake lilikuwa kumvisha askari mmoja miwani ya kuonea mbali. Askari akashangilia kwamba sasa analiona daraja lote hadi misumari, na Kapteni aliyekuwa anapita hakufurahi hata kidogo.

"Mmekaa humu wangapi?" mama akamuuliza.

Yule bwana akakumbatia sanduku lake, akahamia kona ya mbali.

Mimi ndiye niliyeitwa kwanza. Kapteni alikuwa amefanya chumba cha keshia kuwa ofisi yake, na bado kioo chenye tundu la kupitishia hela kilikuwepo. Alikuwa mtu mwembamba, magwanda yamenyooshwa vizuri, ila ndevu zimenyolewa upande mmoja juu kuliko mwingine. Nilijikaza nisizitazame.

"Wewe na mwanamke yule mmetumwa na nani?" akaanza.

"Hatujatumwa, afande. Ni mama mkwe wangu. Tunamfuata mke wangu hospitali, amejifungua."

"Mama mkwe wako anahitaji idadi ya askari wangu kwa sababu gani?"

"Anaulizia idadi ya kila mtu, afande. Ni mpishi wa shughuli. Akiwaona watu wamekusanyika, hata kwenye foleni ya benki, lazima aulize wako wangapi. Siku ya harusi yangu, wakati wa kutupa mkono wa heri, alikuwa anahesabu viti."

"Kila mpelelezi ana kazi yake ya kujifichia," Kapteni akasema.

Nje ya dirisha niliona jua limekwisha kupita juu ya paa, na kitu pekee nilichokiwaza ni mke wangu ameketi kitandani, macho mlangoni.

Kisha mama akaitwa. Nilibaki kwenye benchi nje ya mlango, nikisikia sauti bila maneno: ya Kapteni ikiuliza, ya mama ikijibu, kisha ya mama ikiuliza. Yaliyopita mle ndani alinisimulia mwenyewe baadaye, yote isipokuwa neno moja. Kapteni alimwambia, "Hebu nithibitishie kwamba wewe ni mpishi kweli." Naye, kwa ile jeuri yake ya kazi, akamjibu kwamba hana haja hata ya kuambiwa wako wangapi. Ameona ukubwa wa sufuria, ameona magunia yaliyobaki na mapipa ya maji. Akamtajia idadi.

Kapteni alitoka ameshika kofia mkononi.

"Mama yako..."

"Mkwe wangu, afande."

"Mkwe wako hakukosea hata mtu mmoja. Hata waliolala amewapata."

"Basi umeona mwenyewe, afande. Ni mpishi."

"Nimeona. Nimeamini. Ndiyo maana haondoki hapa." Alisema bila ukali, na hilo lilinivunja nguvu zaidi. "Kule ng'ambo kuna watu wanaolipwa kuuliza maswali, na huyu hajui kunyamaza. Muuza nyanya akimsalimu tu, atamwambia tuko wangapi na maharage yetu hayajaiva. Atakaa hapa mpaka kikosi kihame. Kikihama namwachia, nakupa neno langu."

Ningependa kuandika kwamba nilimbishia. Lakini ningembishia nini? Mtu alikuwa amemjua mama mkwe wangu kwa nusu saa kama nilivyomjua mimi kwa miaka.

"Wewe je," akaniuliza, "idadi hiyo unaijua?"

"Siijui, afande."

"Unataka kuijua?"

"Hapana, afande!"

"Basi wewe nenda."

Mpaka leo siijui, na mama akitaka kunitajia naziba masikio.

Nilimkuta ameketishwa juu ya tairi chini ya paa la pampu, askari mmoja amesimama nyuma yake. Nikamwambia siendi. Nikamwambia siwezi kumwacha mzazi mikononi mwa wanajeshi, kwamba ulimwengu ungenicheka, kwamba sitajua pa kuweka uso wangu.

"Nitamwambia nini mwanao?"

"Mwambie nimepata kazi," akasema.

"Mama, huu si wakati wa mzaha."

"Basi nani anayefanya mzaha? Jua hilo linakwenda. Ukikaa hapa kunionea huruma, daraja litafungwa, na mwanangu atabaki kule na kichanga, hana hata wa kumchemshia maji. Mimi hapa nina watu tele." Akainamisha kichwa kana kwamba anafunga kiatu, akashusha sauti. "Sasa nisikilize. Mkirudi, hamnijui. Wewe hunijui, mwanangu hanijui. Nimesikia jioni zamu inabadilika na Kapteni anakwenda darajani. Wa zamu hiyo wakijua ni mama yake, watasema nimemnong'oneza ile idadi, watamweka naye stoo, na mtoto, kwenye harufu ya oili. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Rudia."

"Hatukujui," nikasema. Nilikuwa sijawahi kumtamkia neno baya kama hilo, na yeye alitikisa kichwa kwa kuridhika, akanisukuma.

Daraja nililivuka nusu kwa kukimbia. Wodini mke wangu alikuwa amekwisha kuvaa, ameketi ukingoni mwa kitanda na furushi mapajani. Aliponiona alicheka, kisha akatazama nyuma yangu.

"Mama yuko wapi?"

"Amepata kazi."

Mke wangu ananijua. Aliniangalia tu mpaka nikamwambia yote, pamoja na lile agizo la kutomjua. Alisikiliza bila kunikatiza, akakaza shuka la bluu alilomfunikia mtoto, akasema, "Twende." Ni mtoto wa mama yake kabisa.

Tulipata nafasi kwenye lori la mwisho, lililokuwa limebeba magodoro ya hospitali. Tulivuka mto jua likiwa limegusa maji, na nyuma yetu askari walianza kuburuta vyuma vya kufungia njia. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, maana mbele niliona lile paa la pampu.

Mama alikuwa palepale juu ya tairi. Walikuwa wamemkataza kusogelea jiko, wakihofia atawatilia sumu, kwa hiyo aliketi amekunja mikono anayatazama maharage yanavyoungua, uso umemkunjamana kwa mateso ya kweli. Lori likasimama. Mke wangu akatazama magodoro. Mimi nikatazama anga. Sijawahi kuitazama anga kwa bidii namna ile.

Sajenti wa zamu ya jioni, ambaye hakuwa ametuona mchana, alipanda kwenye gurudumu, akatuhesabu kwa kidole, kichwa kwa kichwa, akaandika idadi kwenye karatasi ya dereva. Alishatueleza utaratibu: kizuizi cha pili wangetuhesabu tena, na yeyote aliyezidi namba ile angeshushwa abaki huko. Mtoto alikuwa amelala ndani ya shuka, kimya kabisa. Kidole cha sajenti kilimpita. Mimi na mke wangu hatukuliona hilo, tulikuwa tumeshikwa na kazi ya kutomjua mtu. Sajenti akampa dereva karatasi yake, akaruka chini, akagonga ubavu wa lori liondoke.

"Na mtoto!"

Sauti ile ingesikika hata juu ya ngoma kumi za harusi. Sajenti akageuka.

"Mtoto gani?"

"Yule pale, kwenye shuka la bluu. Umemruka."

Sajenti akamtazama mama, akamtazama mke wangu, akamtazama mama tena. Niliuona uso wake unaanza kufikiri.

"Unamjua huyu mwanamke?"

Mke wangu akanikamata kifundo cha mkono, kucha zikaniingia. Mama akamwangalia binti yake kwa utulivu, kama anayemkagua mteja asiyemaanisha kununua.

"Simjui," akasema. "Wala huyo mwanamume aliye naye simjui, na sura yake hainipendezi. Lakini mtoto naye ni mtu. Mhesabu."

Mchuuzi wa miwani, aliyekuwa ametolewa nje kupunga hewa, alikohoa. Sajenti akapanda tena kwenye gurudumu, akafunua ncha ya shuka. Uso wake ukalegea, maana na yeye alikuwa na mama yake mahali fulani.

"Wa kike au wa kiume?" akauliza.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba bibi mtu hajui. Yule muuguzi alisema tu amejifungua salama, na mimi nilikuwa nimekaa hapo nikitazama anga. Mke wangu alikuwa amelikumbuka kabla yangu. Sajenti alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa, lakini alimjibu kwa sauti ya kumwita mtu wa mtaa wa pili.

"Wa kike! Mzima kabisa! Ananyonya vizuri, na analala, na anafanana na bibi yake!"

"Sijauliza yote hayo," sajenti akasema, akafuta namba, akaandika nyingine.

Lori likaanza kuondoka. Mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kugeuka, ametupa mgongo, anamgombeza askari wake kwamba hayo maharage yaongezwe maji kabla hayajawa mkaa. Alikuwa anagomba na huku anapangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akisingizia moshi. Mke wangu alilia mpaka kizuizi cha pili, na mimi nililia naye. Huko walituhesabu tena, polepole, na hesabu yetu ilikuwa sawa.