Nyaya Chini ya Kiti

Wewe ungekalia nyaya zilizokatwa, halafu ukaambiwa utulie? Sisi tuliambiwa hivyo stendi ya Bariadi, siku ya gulio la Dutwa, ndani ya gari la mtumba lililoundwa ili Wazungu walale humo wakitalii. Siku hizi za soko huria kila kitu kinaingia nchini, hata chumba cha kulala chenye magurudumu.

Bibi mmoja aliinama kuweka kikapu chake, akaziona. "Hili litaungua na sisi," akasema, akashuka. Tukamfuata wote.

"Mayu, mama yangu, rudi tu," mwenye gari akambembeleza. "Hizo ni nyaya za akiba. Wazungu huweka."

"Akiba ya nini?"

Akajikuna shingo. Gari alilinunua kwa pamba yake yote, na hii ndiyo ilikuwa safari ya kwanza.

Fundi wa stendi akaitwa, akaja na kibalbu chake cha kupimia umeme, akagusa kila ncha. Hakikuwaka. "Hazina moto," akasema. "Zinaishia kwenye kabati hili tupu. Kulikuwa na kitu humu."

"Friji," mwenye gari akajibu kwa uchungu. "Waliiba bandarini."

Bibi alikuwa wa kwanza kupanda tena. Mimi na shahada yangu sijawahi kufurahia hivyo balbu iliyokataa kuwaka.

Mke wa mwenye gari, kiti cha mbele, alikuwa akisokota ncha ya kanga.

"Watu wa bandari waache, baba Kulwa," akasema. "Nilizikata mimi, kwa kisu cha jikoni. Friji iko kwa mama yangu, anahifadhia michembe yake ya viazi vikavu. Panya hawaingii."