Piga Simu Kwanza

Mimi nina mdomo. Mama yangu kule Njombe alikuwa akisema huyu mtoto mdomo wake utamponza, na alikosea kidogo tu, maana nilipofika Ujiji aliyeponzwa ni mtoto wa mwenzangu.

Nililetwa huku kufundisha Uraia na Kiswahili. Mwanzoni niligombana na kila kitu: joto, vumbi, samaki wa mgebuka mchana na mgebuka jioni. Lakini kilichonitoa roho kabisa ni simu. Shuleni mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, kwa hiyo ukiuliza utaambiwa hawana. Nyumbani wao ndio wasomaji wakuu. Baba anarudi kutoka mwalo wa Katonga, mitumbwi inakoshusha samaki, mikono inanuka dagaa, anamnyooshea mwanawe simu: "Hebu nisikilizie humu, wanasemaje?" Mtoto anasikiliza, anasoma, anaeleza. Anachokiamini mtoto wa kidato cha tatu ndicho nyumba nzima inachokiamini, na hao watoto walikuwa wanaamini chochote.

Siku moja grupu la mtaa likatangaza kifo cha mzee mmoja muuza mawese, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Sauti nzito ya kiume, inna lillahi na kila kitu. Wanawake wakaja wamejifunga kanga viunoni, kilio juu, wengine na mchele kichwani. Mara mzee akatokea uani, anatoka chooni na kopo lake mkononi, akauliza nani amekufa. Jamani! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikasikia kwamba dada yake, huko alikokuwa, presha ilimpanda aliposikia tangazo lile na amelazwa, nikaacha kucheka nikashikwa na hasira. Wiki iliyofuata nikaanzisha klabu.

Tulikutana Jumatano baada ya vipindi. Nilikuja na simu yangu na spika ndogo, nikawachezea sauti zinazozunguka mjini, nikawaonyesha picha. Nani huyu anayeongea? Alikuwepo? Mbona hasemi leo ni siku gani? Nikawafundisha kwamba ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umetumwa na kutumwa tena, umepita mikono ya watu wengi, na wasiwasi wako uongezeke. Juu ya yote niliwapa amri moja: piga simu kwanza. Mpaka usikie sauti ya mtu aliyepo palepale, hakuna kulia, hakuna kukimbia, hakuna kumtumia mwingine. Waliipenda ile amri. Nikiingia tu darasani walikuwa wananiimbia, "Piga simu kwanzaaa," nami najifanya nakasirika.

Kulikuwa na binti mmoja kwenye klabu, mwembamba, sauti ya chini, ila maswali yake ungedhani yuko mahakamani. Niliwahi kuwaletea picha ya gati limezama, maelezo yanasema ni hapa kwetu Kigoma. Wenzake wote wakashika vichwa. Yeye akaitazama, akasema, "Madam, gati letu halina ngazi upande huo." Basi! Nilimpenda siku ile ile. Siku ya wazazi nikamfuata baba yake, mchuuzi wa dagaa, mtu mpole mwenye kofia ya kiua, nikamwambia mbele za watu, "Baba, huyu msikilize. Akikuambia kitu cha kwenye simu ni cha uongo, msikilize."

Na alimsikiliza. Ujiji, kama kwetu Njombe na kama kwingine kote ninakokujua, binti wa umri ule nyumbani anatumwa, haulizwi. Yule baba aliuliza. Akiletewa habari ya bei ya dagaa au ya ziwa kufungwa watu wasivue, aliwaambia wenzake mwaloni, "Ngojeni kwanza nimuulize binti yangu." Binti alinisimulia hayo akiwa anatazama chini, anakunja pindo la mtandio, lakini uso unamcheka wote. Kwake hilo lilikuwa kubwa kuliko alama za mtihani wowote. Na mimi nilijisikia mwalimu.

Yaliyofuata nilielezwa na mama yake.

Jumamosi asubuhi iliingia sauti kwenye simu ya baba. Mishale miwili. Mwanamume wasiyemfahamu, Kiswahili chenye Kiha kingi, upepo unavuma nyuma yake. Alisema bibi, yaani mama mzazi wa huyu baba, amefariki alfajiri kule Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani na Burundi. Alisema watamlaza usiku mmoja kwa ajili ya mwanawe aliyeko mjini, boti ya leo wanaisubiri, kesho asubuhi wanazika.

Baba hakungoja kitu. Alichukua kofia, akachukua kikoi, akaanza kutafuta viatu. Binti akasimama mlangoni. "Baba, tupige simu kwanza. Huyu anayeongea hatumjui." Akamkumbusha habari ya mzee wa mawese. Akamwonyesha mishale. Baba akakaa.

Wakampigia baba mdogo aliyeko Kagunga. Hapatikani. Wakampigia jirani yake. Hapatikani. Kule mtandao ni wa kubahatisha. Siku nyingine unapanda mlimani ndipo unaupata, siku nyingine simu inashika minara ya Burundi na salio linaliwa bure. Nani asiyejua hilo? Lakini mimi nilikuwa nimewafundisha kwamba ukimya ni dalili: habari ikiwa ya kweli, yupo mtu atakayepokea simu. Mama akasema, "Mwacheni aende, akikuta mzima si atasalimia tu?" Baba akamtazama binti. Binti akasema tusubiri kidogo, nitapiga tena. Akapiga, akapiga. Boti za Kagunga huondoka Kibirizi mchana, na barabara ya kutegemea hakuna. Adhana ya adhuhuri iliwakuta bado wamekaa sebuleni, simu iko katikati ya mkeka.

Magharibi simu ikalia yenyewe. Baba mdogo amepata mtandao. "Mko wapi? Boti imeingia, hatukuwaona."

Mama alipofika hapo alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

Kwao mtoto wa kiume ndiye anayeshuka kaburini kumpokea mama yake na kumlaza. Asubuhi walimsubiri kidogo, huenda amepata boti nyingine, kisha wakazika. Aliyeshuka ni baba mdogo na vijana wa jirani. Baba alifika jioni na boti ya Jumapili, akakuta udongo mbichi. Nilisikia alichuchumaa pale mpaka watu wakaja kumwinua. Na mwenye ile sauti ya mishale miwili alikuwa ni mvuvi aliyetumwa na familia. Kwa vile kwao mtandao hakuna, alikwenda na mtumbwi mpaka alipoupata, akamtumia mtu, naye akamtumia mwingine, ikapita mikono mingi hadi Ujiji. Alifanya kazi kubwa yule, na mimi nilikuwa nimewafundisha watu wamtilie shaka.

Nimejiuliza mara nyingi nilikosea wapi. Kwetu Njombe msiba unasubiri watu. Maiti inakaa mochwari, ndugu wanatoka Dar, wanatoka Mbeya, kamati inaundwa, mnabishana hata juu ya sanduku. Ukipiga simu kwanza unapoteza nini? Hakuna. Niliibeba amri yangu kutoka kwenye baridi ya kwetu nikaja kuwapa watu wanaozika leo aliyekufa leo, na boti yao ni moja. Nilikuwa naishi nao, nasikia matangazo ya misiba kwenye spika za msikitini asubuhi na kaburi limeshafukiwa alasiri. Nilisikia na sikufikiri. Najuta, na kujuta kwenyewe hakuna mahali pa kukupeleka.

Nilikwenda kutoa mkono wa pole. Nilivaa baibui ya kuazima, nikakaa kwenye mkeka na wanawake, kisha baba akaniita barazani. "Shikamoo baba," nikamwambia, ingawa hatupishani sana umri. Akaitikia. Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyemfundisha, mtoto alifuata nilichosema. Mdomo wangu huu nilioutegemea maisha yote ulikuwa unajikanyaga.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira, na ningeshukuru kama angekuwa nayo. "Hapana, mwalimu," akasema. "Wewe ulifundisha, ndiyo kazi yako. Mimi mtu mzima nilimsikiliza mtoto, nikaacha kumzika mama yangu. Hilo halitatokea tena."

Alilisema kwa upole, na pazia la mlangoni likatikisika. Nyuma yake nikaona miguu ya binti, amesimama na sinia la chai, hajui aingie au arudi. Baba akasema bila kugeuka, "Mama yake, mwambie alete hiyo chai." Yaani binti yupo hatua chache kutoka kwake, na anamtumia mama ujumbe. Nilikunywa ile chai, na sijui hata kama ilikuwa na sukari.

Alirudi shule. Jumatano hakuja. Jumatano nyingine hakuja. Klabu niliibadilisha, sasa ninawaambia kwamba zipo habari ambazo unaondoka kwanza, simu unapiga ukiwa njiani, na kwamba usiulize tu kama ni uongo, uliza pia, ikiwa ni kweli na hukuondoka, utakuwa umepoteza nini. Wananiandikia vizuri kwenye madaftari. Kila nikisema hayo ninatazama kiti chake.

Mwishoni nikamkamata kwenye korido. Nikambembeleza, mimi ambaye sibembelezi mtu. Nikamwambia, "Rudi mwanangu. Wewe ndiye bora kuliko wote mle ndani. Usiache kwa sababu yangu."

Akaniangalia kwa heshima, mikono nyuma, kama wanavyofundishwa.

"Sijakukasirikia, madam," akasema. "Ila nyumbani siulizwi tena kitu. Sasa nijifunze, halafu nimwambie nani?"

Kengele ikalia, akaniomba ruhusa, akaenda darasani.