Kuuzunguka Mlima na Mama Mkwe

Naikumbuka siku ile kwa miguu kuliko kwa kichwa, mwanangu. Nilikuwa bibi harusi wa wiki mbili, nimetoka kwetu Uyole, Mbeya, penye barabara na kelele za malori, nimeolewa huku milimani Iringa ambako asubuhi humwoni hata jirani kwa ukungu.

Huku, bibi harusi mpya haachwi akae ndani. Mama mkwe anamtembeza vitongoji vyote vya ukoo, ajulikane. Vyetu vilikuwa vitano, vimeuzunguka mlima mmoja. Unatoka nyumbani, unafuata njia inayopita kwenye mashamba ya mianzi, na unarudi kwa upande wa pili bila kugeuka nyuma. Ukitembea bila kusimama ni saa moja tu. Ukisalimia watu, ni siku nzima. Ilikuwa masika, wakati wa kugema, na kila nyumba ilikuwa na ulanzi wake, ile pombe ya mianzi. Usinitolee macho. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu tu kama maji ya miwa. Ule wa jana ndio unaowalaza wanaume njiani.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Ila kifua chake hakikupatana na baridi. Masika yaliyotangulia alinyeshewa, akalazwa hospitali, watu wakaanza kukesha naye wakijua ndiyo basi tena. Kwa hiyo mume wangu aliniusia asubuhi ile, "Mwangalie mama, asinyeshewe." Nikaitikia vizuri kabisa.

Yalinikuta kitongoji cha pili. Watu wa huku hawana salamu ya haraka. Ukisema "Kamwene" ukajibiwa, ndiyo kwanza umeanza: kuna habari za kulala, za watoto, za mahindi, za ng'ombe. Mimi nilitoa Kamwene yangu moja nikanyamaza, nikijiona nimejitahidi. Mama mkwe akawageukia wenyeji.

"Msameheni huyu. Wa Uyole wanasalimia kama malori. Honi moja, kapita."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga ulanzi wake.

Leo ningecheka kuliko wote. Siku ile niliona nimevuliwa nguo mbele za watu. Tulipotoka nikatangulia, nikakaza mwendo, na nilipoona ukungu umenificha nikachepuka kwenye mianzi, nikakaa juu ya gogo kununa. Hasira hasara, kila mtu anaijua hiyo, lakini ikija huioni hasara yake. Inakuwa tamu kidogo, nisikudanganye. Nikamsikia anakuja. "Mkwe wangu! We binti! Uko wapi?" Alipita hatua kumi kutoka pale nilipokaa, akaita tena, akaendelea mbele. Nilimsikia vizuri sana, nikanyamaza.

Kosa langu ni hilo hapo. Mengine yote ni matope tu.

Mvua ikaanza. Hasira yangu ilipoa kabla hata kanga haijalowa, maana nilikikumbuka kile kifua. Nikatoka mbio kumfuata, nimevaa viatu vyangu vya harusi, na utelezi ule! Nilianguka mara mbili. Kitongoji cha tatu nikapaza sauti kutoka njiani, "Mmemwona mama?" Wakajibu, "Amepita!" Mwanamke mmoja aliinua mkono kama anayetaka kusema neno, lakini mimi nilishaondoka. Cha nne vilevile, cha tano vilevile. Nikafika nyumbani nikakuta mlango umefungwa. Watoto wa jirani wakaniambia alifika, akachungulia, akaondoka tena kwa njia ile ya asubuhi. Nilimwona kabisa ameanguka shambani peke yake, hapumui, na mimi nimeambiwa nimwangalie.

Nikaanza mzunguko wa pili. Wanasema kuuliza si ujinga. Ni kweli, lakini kuuliza huku unakimbia ni ujinga mtupu, na mimi nilikuwa hodari wa huo.

Nilipofika tena kitongoji cha tatu, yule mwanamke aliyeinua mkono alikuwa amesimama katikati ya njia. Huyo ni Mama Agripina, wifi yake mama mkwe, ametoka kugema, ana gunia kichwani kujikinga mvua.

"Umemwona mama?"

Akanishika kanga. "Kamwene."

"Shangazi, niache, nina haraka."

"Kamwene!"

"Kamwene."

"Umelalaje?"

Naulizwa kulala, mwanangu, saa nane mchana, mvua inanipiga, mama wa mume wangu amepotea! Nikasema nimelala salama. Nyumbani? Wazima. Na huko kwenu Mbeya? Wazima. Kufika kwa ng'ombe nilikuwa nalia.

"Haya, sasa tumeonana," akasema. "Mama mkwe wako kapita hapa mara mbili, anakutafuta wewe. Anasema kamuudhi mtoto wa watu, mtoto kakimbilia kwao. Nilitaka kukwambia ulipopita mara ya kwanza, ukanipa kisogo."

Nikajichomoa nikimbie tena. Akanikalisha barazani kwake kwa nguvu.

"Njia hii inazunguka, binti. Wewe unamkimbilia yeye, yeye anakukimbilia wewe. Mkiendelea hivyo mtakutana Pasaka. Keti, atakuja."

Kukimbia kulikuwa rahisi kuliko kukaa pale. Nilikaa muda wa kutosha maharage kuiva, macho yangu njiani, namwomba Mungu kwa maneno ambayo sikumbuki. Kisha nikasikia kikohozi kwenye ukungu. Kikohozi, mwanangu, na mimi nikafurahi! Akatokea, kitenge kimelowa, viatu kashika mkononi.

"Upo?" akauliza.

"Nipo, mama."

Akakaa chini kando yangu kama mzigo uliotuliwa. Sijapata kuona raha ya moyo kama ile, hata siku niliyojifungua salama mtoto wangu wa kwanza. Nikamwambia ukweli: "Mama, ulipita karibu yangu. Nilikusikia ukiniita."

"Nilikuwa nakuita nikuombe radhi," akasema.

Mama Agripina akatuletea uji wa moto, akatupa na nguo kavu. Tulirudi polepole, tukisalimia kila mlango mpaka ng'ombe. Alikohoa siku tatu, mimi ndiye niliyemchemshia tangawizi, na Jumapili akaimba kanisani kuwazidi wote.

Basi nisikilize, wewe mjukuu wangu ambaye siku hizi mama yako akikupigia unaitazama simu ikiita mpaka inakatika, kisha unaiweka chini kifudifudi. Ukiitwa, itika. Kama una hasira, itika na hasira yako: "Nipo, ila umeniudhi." Huyo anayeita huenda ameshika neno zuri mkononi. Na unapomtafuta mtu, simama usalimie kwanza, kwa maana wenye habari yako hawawezi kukimbia nayo nyuma yako.

Nenda salama, mwanangu. Mungu asikukaushie watu wa kukuita jina, na kila utakapoitwa akupe moyo wa kusema "Nipo."