Mungu Ako na Faili Yake

Karani wa mafaili katika zahanati yetu hapa Kitengela ndiye pia kiongozi wa maombi wa kikundi cha akina mama kanisani, na ukiniuliza mimi, kazi hizo mbili hazifai kupewa mtu mmoja. Kwetu mgonjwa haombewi hivi hivi. Lazima ugonjwa utajwe, kana kwamba Mungu asipoelekezwa atatibu goti badala ya ini.

Nina kifafa tangu darasa la sita. Miaka yote karani huyo amenitolea faili dirishani bila kutaja neno. Tangazo la sheria ya kulinda siri za wagonjwa lilipobandikwa ukutani, yeye alikuwa ameshaitii zamani.

Mwaka huu nilichumbiwa. Mchumba wangu nilimweleza mapema, lakini mama yake bado, na niliogopa kwamba maneno ya watu yakimfikia kabla yangu, harusi hakuna. Kisha siku ya maombi ya kikundi, nyumbani kwa mama huyo huyo, nikaanguka jikoni nikiwa peke yangu. Walinikuta sakafuni, wakanilaza chumbani. Nilipozinduka niliwasikia sebuleni.

"Hiyo ni mimba," mmoja alisema.

"Wewe ndio unaweka mafaili," mama mkwe akamwambia karani. "Tuambie basi, tumwombee vizuri."

"Hiyo siwezi. Sheria inakataza."

"Sasa tutaombea nini na hatujui?"

"Mungu ako na faili yake. Tufunge macho."

Nilimpenda mwanamke yule kwa moyo wangu wote. Aliowanyima ni marafiki zake wa miaka mingi, na walimnunia hadi chai ikapoa.

Wageni walipoondoka nilimfuata mama mkwe jikoni.

"Mama, ni kifafa. Niko nayo tangu nikiwa mdogo."

Aliendelea kusuuza vikombe. "Na yule alikuwa anajua?"

"Miaka yote."

"Na tunakaa benchi moja kanisani."

Nilingoja anifukuze. Alijifuta mikono kwa leso, akaushika mkono wangu, akauweka juu ya sweta, upande wa titi la kushoto. Palikuwa na kitu kigumu.

"Hii iko hapa tangu mwaka jana," alisema. "Niliogopa watu wa mafaili. Kesho unipeleke kwake."