Kinanda Kilichokuwa Kikichoka

Kutoka Tunduma hadi Mwanza ni kusinzia, kuzinduka na kusinzia tena, kichwa kikigonga kioo cha basi. Nilikuwa nimekumbatia kompyuta kifuani kama mama na kichanga. Safari hii nilikuwa narudi kukaa, na nilikuwa na kazi moja: kuitengeneza upya sauti ya kinanda cha umeme katika wimbo tulioupenda utotoni. Wazazi walishatutoka, kaseti ilishatafunwa na redio. Aliyebaki kuijua sauti ile ni dada yangu mkubwa, muuza dagaa wa soko la Mwaloni, anayeishi Kirumba, juu kwenye mawe, ambako ziwa huonekana vipande vipande kati ya mapaa ya bati.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda! Huko ulikokuwa hawali?"

"Nimekuja kukaa."

Akacheka. "Wewe? Hata chai huisubiri ipoe."

Wimbo wenyewe nilikuwa nimeupata mtandaoni, safi, lakini ulinipita kama mgeni asiyesalimia. Nikadhani kosa ni la waimbaji, nikaamua nikijenge kinanda peke yake. Kwenye programu ya muziki unaanza na sauti tupu, kavu kama mluzi. Unaongeza ya pili, unaisogeza kidogo zisilingane, unapunguza makali, unaiacha ichelewe kuingia na ichelewe kuondoka. Nilikaa barazani mchana kutwa na spika yangu ndogo, upepo wa ziwa ukipita, hata sikujua tena kinacholia ni spika au ni bati.

Dada alisikiliza huku akichambua dagaa.

"Siyo."

"Dada, ni vilevile kabisa."

"Siyo. Huo ni wa watu wenye umeme."

Nilidhani ananitania. Nikabadilisha, nikarudia. Siyo. Nilianza kuogopa kwamba sauti ile tuliiota tu, na kwamba huko nyuma hakukuwa na kitu cha kurudia.

Asubuhi moja alitandaza dagaa kwenye neti juu ya jabali. Alipomaliza, akafungua tochi yake, akatoa betri zilizofifia, akazipanga pembeni, zipate jua.

Nilisimama nikizitazama. Nyumbani hatukuwa na umeme. Betri za redio zilikuwa za baba, za kusikilizia matangazo ya vifo jioni, nasi tulizitumia kwa wizi, akienda shamba na baiskeli yake. Zikichoka, wimbo ulizama, ukaburuta miguu. Tulizianika, ukafufuka kidogo, ukazama tena. Maisha yetu yote hatukuwahi kuusikia katika mwendo wake.

Nikarudi barazani. Nikaishusha sauti, nikaichelewesha, nikaifanya iyumbe kama mtu anayepigana na usingizi. Nikabonyeza.

Dada aliacha dagaa. Kinanda kilipoanza kuzama kabisa, alinyoosha mkono wenye magamba akaipiga spika kofi, lile kofi lake la zamani la kuiamsha redio.

"Zima," alinong'ona. "Baba atauliza nani kamaliza betri."

Tukakaa, watu wazima wawili, tukisikiliza kama kuna baiskeli inayokuja njiani. Ziwa lilikuwa limetulia kama maziwa kwenye bakuli.

Baada ya hapo nilizunguka mjini, nikaenda mpaka Bujora, nje ya mji, na kurudi, lakini miguu haikuwa na cha kutafuta. Miaka yote nilikuwa narudi Mwanza kama aliyesahau kitu ndani. Dada aliliona hilo, na kwamba ningeondoka, kabla sijalisema. Aliuweka wimbo wangu kwenye simu yake, akanifungia dagaa kwenye gazeti, akanisindikiza stendi.

"Sasa umekipata. Utarudi kufanya nini?"

"Kukuona."

"Mwongo. Mimi ndiye nitakuja, ukipata pa kukaa."

Basi lilipoondoka hakupunga mkono. Alikuwa ameweka simu sikioni, kichwa kakiinamisha, na nilijua hakuna mtu aliyekuwa akiongea naye.